Vuta, Shika, Achia

Chumba changu cha kazi hakina dirisha.
Nje, Ibra inaungua kwa jua la Juni;
ndani kuna baridi ya kuhifadhia nyama
na bamba la kijivu ukutani, kimo cha kifua.
Mwaka wa kumi na moja huu nasema maneno matatu,
kwa Kiarabu, kwa Kihindi cha kuombea maji,
na kwa Kiswahili alichoniachia bibi yangu wa Wete:
vuta, shika, achia.

Swali nililiongeza mwenyewe,
halimo katika fomu.
Unajua kwa nini umeletwa hapa?

Dereva wa lori la mawe: "Nimeambiwa tu."
Mwalimu wa hesabu: "Daktari kaandika."
Kijana mwenye kikohozi cha wiki tano
na vumbi la saruji kwenye kope:
"Nimekuja kumridhisha mama."
Kisha hao, mlangoni, vifungo havijafungwa,
kama watu waliotoka kwa kinyozi.

Bi Shinuna binti Hamdun, yeye anajua.
Mara ya tatu hii tangu Ramadhani.
Bangili kaziacha nyumbani, hodari,
"nisikupotezee wakati, mwanangu."
"Ile ya kwanza iliniponya," ananiambia,
"ya pili ikanipa usingizi.
Leo nipige ya nguvu."

Nikamkalisha. Bibi, hii si dawa.
Mwanga unapita tu, hauoshi kitu.
Wewe hupasui tende kabla hujampa mjukuu?
Kuipasua hakumuui mdudu,
kunakwambia yumo au hayumo.
Na mwanga huu ni deni, dogo, lakini deni;
mtu hakopi kwa kuzoea.

Akanyamaza, akaitazama mikono yake.
"Basi nilipona kwa nini?"
Sikuwa na jibu. Labda ni ule udi
aliokatazwa kuufukiza chumba kikiwa kimefungwa.
Akataka angalau aione ya mwezi uliopita.
Nikamgeuzia kioo.
"Moyo ndio huo? Mdogo hivyo?
Na marehemu alivyokuwa akinung'unika
kwamba umejaa maneno!"
Akaondoka akicheka, bila picha,
na sijui kama aliniamini.

Saa sita kasoro: Mwanakombo, wa Pangani.
Mahali pa sababu, fomu yake ina neno moja.
Ukaazi.
Hana kikohozi, hana homa, hana pa kumuuma.
Mwajiri yuko garini, injini inanguruma
kwa ajili ya kiyoyozi,
keshapiga simu mara mbili: yu safi?
Safi. Kama shuka.

Nikamuuliza na yeye lile swali langu.
Akaikunja kanga yake pembe nne, akaiweka kitini,
ndipo akajibu:
"Ili mjue kama nibaki au nirudi."

Kidevu juu. Mabega mbele.
Vuta.
Shika.

Picha ikaja. Mbavu nzuri, moyo mahali pake,
na juu, pafu la kulia, doa jeupe,
kavu, kama chokaa iliyodondoka sakafuni
na haikufutwa siku ile ile.
Kovu, naona. Labda la utotoni,
la ugonjwa uliokwishatibiwa miezi na miezi,
na mtu fulani, shangazi, nesi, sijui,
akimhesabia vidonge kila alfajiri
asiruke hata kimoja.
Labda.
Picha inaona, haijui kuuliza.
Na yule wa garini atauliza neno moja tu.

Nikaanza kumtafutia daktari maneno:
msikilizeni kwanza, pimeni makohozi,
doa si hukumu, msiandike kabla ya —
nikafuta, nikaanza upya,
nikasikia vidole vikigonga bamba.

Alikuwa bado amesimama vile vile,
amelikumbatia, mashavu yamejaa,
machozi yanamtoka kwa kukosa hewa.
Neno la tatu nilikuwa sijalisema.